Everest kwa Ngwe

Habari za yule mama wa Japani zilitufikia kwa redio ya Silasi, katibu wa kijiji, mwezi wa tano mwaka 1975, tukiwa tumekaa sakafuni ndani ya godauni la pamba tunasoma silabi. Silasi alikuwa na kawaida ya kuiweka redio yake dirishani taarifa ya habari ikianza, darasa liwepo lisiwepo, na mimi sikumkataza maana wanafunzi wangu walipenda. Msomaji alisema mwanamke mmoja, mama wa mtoto mdogo, amefika kileleni Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, na kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kufika pale kabla yake. Theluji ilikuwa imeporomoka ikamfukia ndani ya hema lake, wenzake wakamfukua, akauguza maumivu, kisha akaendelea kupanda.

Halafu Gati, aliyekuwa ananyonyesha, akauliza huyo mtoto mdogo aliachiwa nani.

"Baba yake," nikasema. Sikuwa na hakika, lakini sikuona mwingine.

Walicheka mpaka mtoto wa Gati akaachia ziwa kutazama kuna nini. Aliyekaa bila kucheka ni Bibi Wankyo peke yake. Aliniuliza kama ni kweli yule mama alifukiwa na bado akaendelea. Nikamwambia redio ndivyo ilivyosema. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ubao wake.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao, Dafroza. Nasema mwalimu kwa kuwa ndivyo walivyoniita, lakini elimu yangu ni darasa la saba basi, na wengi wao walikuwa sawa na mama zangu. Wakati ule aliyejua kusoma alitakiwa amfundishe asiyejua, kwa hiyo kijiji chetu cha ujamaa, huku upande wa Manyamanyama, kilinipa chaki, ubao na wanawake ishirini na wawili, kila siku alasiri. Mtihani ulikuwa mwezi wa nane.

Bibi Wankyo ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa mrefu, mkavu, shingo imenyooka kwa miaka mingi ya kubeba pamba kichwani mpaka kiwandani Bunda. Utotoni alisoma shule ya misheni siku moja. Siku ya pili baba yake alimfuata akamrudisha kwenye ndama. Siku ile moja aliikumbuka yote, mpaka rangi ya gauni la sista. Na mwezi ule alikuwa amefika pale ambapo maneno yanaanza kumfungukia mtu yenyewe. Nilikuwa nikimtazama akipita njiani, anasimama mbele ya gunia la mbolea, midomo inacheza, halafu anatabasamu peke yake na kwenda zake. Mtu akiwa hapo usimkatishe. Ukimkatisha miezi miwili, yote yanamwagika, mnaanza tena a, e, i, o, u. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nikitua mzigo huu sasa, sitaweza kuubeba tena."

Mwezi wa sita pamba ikapasuka. Mwenyekiti wetu, Mzee Luhende, aliitisha mkutano akatangaza kwamba godauni linatakiwa kwa pamba, na mikono yote inatakiwa shambani asubuhi na alasiri. Darasa la akina mama lisimame mpaka mavuno yaishe.

Mzee Luhende hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mpenda koti hata jua likiwaka, na alipenda sheria kama wengine wanavyopenda nyama. Sheria ya ngwe ni yake. Shamba la kijiji lilipimwa kwa kamba, kila mtu akapewa kipande chake, ndiyo ngwe yake. Asiyefika, ngwe yake inalimwa na watu wa nyumba yake, siku hiyohiyo. Jirani haruhusiwi kumsaidia, ili mtu asilale akitegemea mgongo wa mwenzake. Mwaka uliopita Bibi Wankyo alishikwa na homa, na Mzee Luhende alikwenda kumtoa nyumbani mkwe wake, mtoto mgongoni, akamalize ngwe ya mama mkwe.

Bibi Wankyo alisimama mkutanoni akaomba darasa liendelee, hata kama ni nje, kwenye kivuli cha ukuta. Alitaja mtihani. Wanaume walianza kuguna, na mmoja akauliza bibi kizee anataka mtihani wa nini, anakwenda kuwa karani? Mzee Luhende aliona watu wamechangamka, naye akataka kuongeza.

"Bibi Wankyo, tangu mmesikia ile redio mmekuwa na vichwa vikubwa. Basi siku nyinyi akina mama mkipanda huo Everest, nitawapa alasiri zenu zote, na pamba ya alasiri tutachuma sisi wanaume."

Mkutano mzima ukacheka. Mke wake, Eufrasia, aliyekuwa mwanafunzi wangu naye, alitazama chini. Bibi Wankyo alisubiri kicheko kiishe.

"Umesema mbele ya watu, Mwenyekiti."

"Nimesema."

Akakaa.

Kesho yake alikuja kwetu nikiwa natwanga, akaniuliza ule mlima una urefu gani. Nilikwenda shuleni nikaomba kitabu cha ramani. Mita elfu nane mia nane arobaini na nane. Nilipomwambia aliniuliza kilima chetu je. Hilo kila mtu alilijua, maana wapima ramani waliokuja kukipanga kijiji walipaka alama nyeupe juu ya mwamba wa kileleni, wakasema kutoka godauni mpaka kwenye alama, kwenda juu moja kwa moja bila kuhesabu mizunguko ya njia, ni mita mia mbili. Mzee Luhende alimweleza hivyo kila mgeni aliyekanyaga kijijini, kana kwamba kilima alikimwaga yeye.

"Sasa Everest ni vilima vyetu vingapi?"

Nilipiga hesabu kwa kijiti mavumbini. Arobaini na nne, na kitu kidogo juu yake.

"Na sisi tuko ishirini na wawili," akasema. "Mara mbili mbili."

Nilimweleza kwamba ule mlima si urefu tu. Kule juu hewa ni nyembamba, mtu anahema kama samaki ufukoni, wengine wanabeba hewa kwenye mitungi. Kuna baridi ya kukata vidole. Nikamwambia pia kwamba urefu wake unahesabiwa tangu baharini, na sisi huku tayari tuko juu ya bahari kwa mita zaidi ya elfu moja, kwa hiyo tungeweza kuzipunguza. Alinitazama kama nimemtukana.

"Hatutaki kupunguziwa. Baridi hatunayo, hewa ya kutosha tunayo. Urefu tulime wote."

Tulikwenda pamoja kwa Mwenyekiti. Alitusikiliza huku anacheka, halafu akaacha kucheka, akasema huko si kupanda mlima. Mlima unapandwa na mtu mmoja, chini mpaka juu. Watu walianza kusogea kusikiliza, na Silasi alizima redio. Bibi Wankyo hakupandisha sauti.

"Mwaka jana alikuja mkubwa kutoka Butiama. Ulimwonyesha shamba la pamba, ukamwambia, hili tumelilima sisi. Ni nani kati yetu aliyelilima lote?"

Mzee Luhende alilivuta koti lake.

"Tulilima kwa ngwe," Bibi Wankyo akaendelea, "ukasema tumelima. Tutapanda kwa ngwe, utasema tumepanda. Na sheria ya ngwe ni ileile yako."

"Ileile yangu," akasema Mzee Luhende, maana sheria zake zikitajwa kwa heshima alikuwa hawezi kukataa. "Akikosekana mmoja, hakuna mlima. Na jirani hasaidii jirani."

Tukakubaliana iwe Jumapili, baada ya ibada.

Jumamosi niliona jambo ambalo sikulipenda. Eufrasia alipita kwetu na kapu, amevaa viatu vyake vya kwenda mjini, uso umeingia giza. Mume wake alikuwa ameletewa salamu kwamba dada yake Eufrasia, anayekaa Nyasho kule Musoma, ni mgonjwa sana. Alitakiwa apande basi siku hiyohiyo. Nilimuuliza salamu zililetwa na nani. Hakujua. Alikaza kanga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ngwe yangu jamani," akaenda.

Nilimpelekea Bibi Wankyo habari hiyo. Nilifikiri atahuzunika. Alikuwa anapepeta ulezi, akapepeta mpaka mwisho wa ungo.

"Usimwambie mtu," akasema. "Tuanze tu."

Jumapili tulikusanyika mbele ya godauni. Waliotoka kanisani walikuwa na nguo za kanisani, na wale wa mila za zamani walikuwa wamekwisha fika tangu mapema. Bibi Wankyo alimwaga togwa kidogo kwenye mguu wa kilima, akazungumza nacho kwa Kikurya maneno machache, kama unavyomsalimu mwenye nyumba kabla ya kuingia. Kwa kila safari mama alichukua jiwe moja chini, akalifikishe kwenye alama nyeupe. Silasi alipandishwa juu na kiti chake kuhesabu mawe. Wanaume walikaa kivulini na karanga, tayari kwa sinema.

Mwanzoni kulikuwa na kelele nyingi. Wasichana walikimbia, na wanaume waliwapigia mbinja. Gati alipanda na mtoto mgongoni, na alipoulizwa kwa nini asimwache kwa baba yake kama yule wa Japani, alijibu kwamba baba yake ameshindwa hata kujishika yeye mwenyewe, juzi alianguka kutoka kwenye baiskeli iliyosimama. Baba mtoto alikuwepo. Aliendelea kutafuna karanga.

Lakini mia mbili kwenda juu si mchezo. Njia yetu ina changarawe inayoteleza, halafu miiba, halafu mwamba wa kushika kwa mikono. Waliokimbia walirudi wamenyamaza. Mara ya pili nami nilipanda, bila jiwe, nyuma ya Bibi Wankyo nikamtazama anavyokwenda. Alikwenda kama ana pamba kichwani, kiuno kimetulia, pumzi moja kwa kila hatua, bila kusimama na bila kuharakisha. Wote tukaanza kwenda hivyo. Tukawa mstari mmoja, na mtu akasema tunaonekana kama siku ya kupeleka pamba Bunda, isipokuwa leo kiwanda kimehamia mawinguni.

Jua lilipoanza kulegea, Silasi alipaza sauti kutoka juu kwamba mawe ni arobaini na mawili. Kila mmoja alikuwa amemaliza. Tulikaa chini. Mzee Luhende alisimama, akafunga kifungo cha koti.

Alisema ametuonea fahari, kwa kweli. Lakini sheria ni sheria. Ngwe ya mama Eufrasia haijapandwa, mwenyewe ana msiba wa ugonjwa Musoma, na tulikubaliana jirani hasaidii jirani. Kwa hiyo mlima haujafika mwisho. Gati alisema yeye ana nguvu ya kuongeza mbili. Akamkatalia, kwa upole kabisa.

Ndipo Bibi Wankyo akainuka, akakung'uta vumbi.

"Ni kweli, jirani hasaidii. Ngwe ya asiyekuwepo inapandwa na nyumba yake. Siku hiyohiyo." Akamtazama. "Mwenyekiti, nyumba ya Eufrasia ni wewe."

Karanga zilisimama midomoni. Mzee Luhende alitazama kilima, akatazama watu, nadhani alitafuta mtu wa kumwambia kwamba haiwezekani, na kila aliyemtazama aliwahi kumaliza ngwe ya mtu wa nyumbani kwake kwa sheria hiyohiyo. Kisha mzee mmoja kwenye kivuli akasema taratibu, "Nami nililimaga ya mke wangu, akiwa amejifungua."

Mzee Luhende alivua koti. Alilikunja vizuri, akanipa nilishike, akaokota jiwe.

Alianza kwa kasi, kwa hasira. Kwenye changarawe tu alikuwa amekwisha shika kiuno. Mimi na Bibi Wankyo tulimfuata nyuma, yeye bibi kwa hiari yake, na hii ilikuwa mara yake ya tatu.

"Mwenyekiti, unapanda kama mtu anayefukuzwa. Panda kama umebeba pamba."

"Sijawahi kubeba pamba."

"Najua. Ndiyo maana nakufundisha."

Alipunguza. Alimtazama bibi anavyoweka mguu, akauweka na yeye. Pale kwenye mwamba ilibidi tumsukume kwa chini, jambo ambalo tulikubaliana bila kusema kwamba halitasimuliwa. Alipofika juu aliliweka jiwe lake, akasimama mbele ya ile alama nyeupe ya wapima ramani, akaitazama muda mrefu.

"Kumbe ni ndogo hivi," akasema.

Ndipo nikajua. Miaka yote ile aliyowasimulia wageni, hakuwahi kufika juu. Bibi Wankyo naye alijua, akageuka kutazama ziwa, ili mwenye kilima apumue bila kutazamwa. Kule chini barabara ya Musoma ilikuwa kama uzi, na pamba yetu yote, ile ya kutunyima darasa, ilikuwa kitambaa cheupe kisichozidi kiganja.

Mara ya pili alipanda taratibu mpaka nusu ya njia. Halafu akaniita.

"Mwalimu. Wale wenye hewa kwenye mitungi. Wanaipataga wapi?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini, yeye akicheka kuliko sisi. Tulipofika juu Silasi alisimama kwenye kiti akatangaza jiwe la arobaini na nne, na chini walipiga vigelegele, wanaume na wanawake, nikasikia na mbinja za wale wa karanga.

Mzee Luhende alishuka ameshikwa kila upande. Alikaa mlangoni mwa godauni, akanyoosha miguu, akatangaza kwamba tumeupanda. Kila mtu alikuwa anashangilia. Na mimi nilikuwa na koti lake mkononi na ile hesabu ya kijiti kichwani, na sikutaka kusema, lakini ningesemaje wiki ijayo nikiwafundisha kutoa na kujumlisha?

"Mwenyekiti," nikasema, "bado."

"Bado nini?"

"Mara arobaini na nne ni elfu nane mia nane. Zimebaki mita arobaini na nane. Kilele chenyewe."

Alinitazama kama anataka kulia. "Mwalimu, sisi tumepanda, wewe unatutolea desimali? Huu mlima umekwisha, mimi Mwenyekiti nasema umekwisha."

Ilikuwa ajabu kumsikia. Muda si mrefu alikuwa anaomba usiishe. Wanawake walianza kubishana nani aliye na miguu ya kwenda tena. Gati alisimama, goti likamkatalia, akakaa. Hata Bibi Wankyo nilimwona amejishika paja.

Ndipo tukamwona Eufrasia akija kwa njia ya Bunda, kapu kichwani, viatu vya mjini vyeupe kwa vumbi. Alikuwa anatembea kwa haraka ya mtu mwenye maneno. Alifika akamsimamia mume wake palepale mlangoni.

"Dada nimemkuta anakaanga samaki," akasema. "Ameniuliza nani kafa mpaka nikaja na uso ule."

Mzee Luhende alitazama vidole vyake vya miguu. Aliona hana pa kupita, akasema, "Ngwe zako nimezipanda mimi. Zote mbili."

Eufrasia alimtazama shati lililolowa, suruali iliyochanika gotini, miguu iliyolala kama si yake. Midomo ilianza kumcheza. Alijizuia, akajizuia, kisha akaangua kicheko, na yeye mzee akacheka, na ugomvi ukafia hapo, au angalau mbele yetu ulifia hapo. Akauliza kama kuna kilichobaki. Nikamwambia kimebaki kilele.

"Basi hicho ni changu."

Tulitafuta kilele kiko wapi. Mita arobaini na nane ni karibu robo ya kilima, na robo ya kilima kutoka chini ndipo lilipo jiwe pana ambalo mbuzi hupenda kusimama juu yake, tunaloliita Jiwe la Mbuzi. Tukaweka mpaka hapo, juu kidogo, ili asije mtu akatudai. Eufrasia hakushusha hata kapu. Alivua viatu akampa mume wake, akapanda na kapu lake la furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, kichwani, hatua ileile ya pamba, akafika kwenye Jiwe la Mbuzi, akasimama juu yake, akageuka.

"Kuna baridi huku," akapaza sauti. "Vidole vinakatika."

Chini tulipiga vigelegele mpaka mbwa wa Manyamanyama wakajibu. Mzee Luhende alikuwa ameshika viatu vya mke wake, kimoja kila mkono, anamtazama, na nilimsikia akimwambia Silasi, taratibu, kwamba yule ni mke wake.

Siku iliyofuata alitangaza mwenyewe. Alasiri ni za darasa, nje ya ukuta wa godauni, na pamba ya alasiri itachumwa na wanaume. Walinung'unika wiki moja hivi. Mwezi wa nane Bibi Wankyo aliingia kwenye mtihani, akaketi mstari wa mbele, na alipopewa karatasi aliisoma yote kwa sauti mpaka msimamizi akamwomba asome kimoyomoyo, maana alikuwa anawasaidia wenzake. Alishinda. Gunia la mbolea sasa analipita bila kusimama, anasema halina habari mpya.

Mzee Luhende bado anawapokea wageni. Anawaonyesha kilima, anawaambia ni mita mia mbili, anaongeza kwamba alama yenyewe ni ndogo usipoisogelea huioni. Halafu anashuka na kidole mpaka kwenye Jiwe la Mbuzi, anasema pale ndipo kileleni Everest, mke wake alifika, na yeye ndiye aliyemfikisha karibu. Wageni wanatazama. Mara nyingi wanamkuta mbuzi amesimama pale, anatafuna.